Bei Ina Taftishi, Giza Halina

Mazungumzo ya umeme hapa Kigoma huanza na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mara nyingi huishia hapo hapo. Mimi nina shaka kama bei ndiyo dai letu kubwa. Agizo la bei la EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, lililoanza kutumika Aprili 2016 lilimpangia mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, unapata zile 122 na 356 tulizozizoea. (Kodi ya majengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021, si bei ya umeme hata kidogo, ingawa lawama zake huuangukia umeme.)

Bei hiyo ni moja nchi nzima, na mkoa wetu umefaidika nayo kuliko tunavyopenda kukiri. Kabla ya gridi ya Taifa kuanza kuingia mkoani mwaka 2022, tulitegemea majenereta ya dizeli, ambayo uniti yake iligharimu kuliko tulivyolipa. Pengo lilibebwa na shirika la umeme, TANESCO, yaani na wateja wa mikoa mingine pamoja na Serikali.

Kisheria bei hupangwa na EWURA: TANESCO huwasilisha maombi, wananchi huitwa kwenye mikutano ya taftishi, yaani ya kutoa maoni yao, kisha mamlaka huamua. Mwishoni mwa 2016 shirika liliomba nyongeza ya asilimia 18.19, EWURA ikaridhia 8.5 kuanzia Januari 1, 2017, Waziri akaisitisha, na Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO akaondolewa kazini. Wengi tulishangilia. Lakini nguzo, nyaya na transfoma hununuliwa kwa fedha ile ile iliyozuiwa, na mdhibiti ambaye uamuzi wake hufutwa kwa siku moja hawezi baadaye kumbana mtoa huduma kwa ubovu wa huduma.

Ubovu huo ndio hasara yetu halisi. Kwa LUKU, mteja hatozwi umeme ambao haukuja, kwa hiyo saa za giza haziandikwi kwenye risiti yoyote. Anayeziandika ni mwenye jokofu la samaki wa migebuka pale Kibirizi, anayenunua barafu na petroli ya jenereta, na ukizijumlisha gharama hizo uniti yake imepita 356 kwa mbali. EWURA hupima mara ngapi na kwa muda gani umeme hukatika, lakini wastani wa nchi unawachanganya wa Masaki, Dar es Salaam, na wa Buhigwe, hapa mkoani. Mradi wa Malagarasi wa megawati 49.5 utatusaidia upande wa uzalishaji. Laini ikianguka porini, megawati hizo hazimfikii mtu.

Mteja mmoja mmoja anaweza kulalamika TANESCO, kisha EWURA, akisaidiwa na baraza la watumiaji, EWURA CCC, na kukata rufaa Baraza la Ushindani. Njia hiyo inafaa kwa mita mbovu. Kwa wilaya nzima iliyokaa gizani haitoshi. Ninachotaka ni kwamba maombi ya bei yajayo yaambatanishwe na saa za kukatika kwa kila mkoa kwa mwaka uliotangulia, na agizo la bei liweke kikomo cha saa hizo, ambacho shirika likikivuka lipoteze sehemu ya nyongeza yake.