Wachezaji wa zamani wa besiboli nao walifuata dau, na walikuwa na haki

Kuna watu wanapenda kusema wachezaji wa zamani walicheza kwa mapenzi ya jezi, sio kama hawa wa sasa wanaofuata dau. Kwenye besiboli ya Marekani hizo ni stori za kijiweni tu. Kule tangu miaka ya 1880 watu walikuwa wanahama ligi, wanarudi, wanahama tena, wengine wanamwaga wino timu mbili kwa mpigo, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Shida ilianzia kwa mabosi. Ligi yenye nguvu ilikuwa National League, iliyoanza 1876. Mwaka 1879 wamiliki wakakaa chemba wakakubaliana kila timu itenge wachezaji watano ambao timu nyingine haitawagusa. Wakaona inalipa, wakawa wanaongeza idadi mpaka ikafika karibu kikosi kizima. Yaani mkataba wako ni wa mwaka mmoja lakini ukiisha bado uko mikononi mwao, wanaweza kukuuza, kukukata mshahara, kukutema, ila wewe kuondoka kwa hiari yako hakuna. Mlango ulikuwa mmoja tu, ligi nyingine ambayo haijaingia kwenye makubaliano yao. Kwa hiyo kila matajiri wapya walipoanzisha ligi pinzani, wachezaji ndo walikuwa wanapata pa kupumulia.

Mwamba wa mwanzo wa mambo haya naweza kusema ni Tony Mullane, mrushaji mzaliwa wa Ireland ambaye aliweza kurusha kwa mikono yote miwili. 1883 alikuwa St. Louis kwenye American Association, ligi nyingine kubwa ya wakati huo, kwa msimu wa 1884 akasaini na ligi mpya ya Union Association, kabla hata hajarusha mpira huko akageuka akaenda Toledo ya American Association, msimu ukaisha akakubaliana na St. Louis halafu akaenda kusaini Cincinnati kwa hela nzuri zaidi. Wakamfungia 1885 yote. Ila msimpe sifa zote huyu, maana huko Toledo mdakaji wake (yule anayekaa nyuma ya mpigaji na kumpa mrushaji ishara za mpira wa kurusha) alikuwa Moses Fleetwood Walker, mmoja wa weusi wachache sana waliowahi kucheza ligi kubwa kipindi kile, na Mullane mwenyewe baadae alikiri kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi, lakini alikuwa anapuuza ishara zake makusudi kwa sababu ya rangi yake. Baada ya muda mfupi weusi wakafungiwa milango ya ligi zote hizi mpaka 1947. Hivyo huu uhuru wa kuhama nnaouongelea ulikuwa wa weupe peke yao.

1890 wachezaji wakaamua wasisubiri tajiri awaokoe, wakaanzisha ligi yao wenyewe, Players' League, chini ya John Montgomery Ward, mchezaji aliyesoma sheria Columbia. Karibu mastaa wote wa National League wakahamia huko. Hapo ndo kuna kisa cha King Kelly, staa mkubwa kuliko wote enzi hizo. Albert Spalding, bosi wa Chicago, alisimulia mwenyewe kwamba alimwekea Kelly hundi ya dola 10,000 mezani pamoja na mkataba wa miaka mitatu ajaze mshahara anaoutaka, arudi tu. Kelly akaomba akatembee kidogo afikirie. Akarudi akasema hapana, hawezi kuwaacha wenzake. Halafu akamkopa Spalding dola 500, na Spalding akampa! Hiki kisa hakinichoshi aisee.

Ligi yenyewe ilidumu msimu mmoja. Wachezaji hawakutetereka, ila waliotia hela waliona hasara wakaenda kuelewana na mabosi wa upande wa pili. Wachezaji ikabidi warudi timu zao za zamani, na Philadelphia Athletics kwa uzembe wao wakasahau kumuweka Lou Bierbauer kwenye orodha ya wanaowadai. Ned Hanlon wa Pittsburgh akamfuata mpaka Erie katikati ya baridi kali akamsainisha. Athletics wakalalamika kwamba huo ni uharamia, watu wa Pittsburgh wala hawakukasirika, wakalichukua tusi wakalifanya jina, na mpaka leo ni Pittsburgh Pirates.

Vurugu kubwa zaidi ilikuja 1901. National League ilikuwa imebaki peke yake, imekata timu kutoka 12 hadi 8, na mshahara una ukomo wa dola 2,400 kwa mwaka (kwenye karatasi, mastaa walikuwa wanaongezewa pembeni). Ban Johnson akaitangaza American League yake kuwa ligi kubwa, akasema huo ukomo hautambui. Wakamiminika, zaidi ya 100. Mrushaji Cy Young akatoka St. Louis akatua Boston na msimu ule ule akashinda mechi 33.

Nap Lajoie ndo alikuwa usajili wa mwaka. Alikuwa Phillies, timu ya National League ya Philadelphia, akagundua mwenzake Ed Delahanty analipwa zaidi yake wakati yeye aliahidiwa watalingana. Akavuka mtaa tu, akaenda Athletics mpya ya kocha Connie Mack, ya American League, Philadelphia hiyo hiyo, na 1901 akapiga wastani wa .426. Kwa wasiojua besiboli, mpigaji akifanikiwa mara 3 kwenye 10 anaitwa mkali, huyu alizidi mara 4, na American League hakuna aliyemfikia mpaka leo. Phillies wakaenda mahakamani, wakashindwa, wakakata rufaa, na Aprili 1902 Mahakama Kuu ya jimbo la Pennsylvania ikasema Lajoie haruhusiwi kuichezea timu nyingine zaidi ya Phillies. Msimu ule alikuwa ameshacheza mechi moja tu na Athletics.

Sasa angalia walichofanya. Amri ya mahakama ya Pennsylvania inaishia Pennsylvania, kwa hiyo wakampeleka Cleveland, jimbo la Ohio, na mahakama ya Ohio ilipoombwa imzuie ikakataa. Cleveland wakienda kucheza Philadelphia, wenzake wanaingia uwanjani, yeye anaenda kula upepo ufukweni Atlantic City, New Jersey. Mwaka uliofuata Cleveland wakaibatiza timu nzima jina lake, ikaitwa Naps mpaka 1914.

Makocha nao walikuwemo. John McGraw alikuwa Baltimore ya American League, kagombana na Johnson, Julai 1902 akahamia New York Giants ya National League na kubeba wachezaji kadhaa akiwemo Joe McGinnity. Baltimore ikabaki mifupa, kuna mechi walipoteza kwa kukosa watu wa kuingiza uwanjani. Nafasi yao ikahamishiwa New York 1903, ndo hao Yankees wa leo.

Januari 1903 mabosi wa ligi mbili wakapatana, kila ligi iheshimu wachezaji wa mwenzake. Magazeti yakafurahi, mashabiki wakapata World Series ya kwanza, fainali ya mabingwa wa ligi hizo mbili, mwaka huo huo. Ed Delahanty yeye yalimkuta. Alikuwa amehamia Washington ya American League 1902, kapiga .376, akasaini na Giants kwa dau nono, ile suluhu ikamrudisha Washington kwa nguvu na hela ya Giants aliyoshalipwa ikawa deni. Akawa anakunywa kupita kiasi. Julai 2, 1903 aliiacha timu Detroit akapanda treni ya New York, akafanya fujo amelewa, wakamshusha usiku upande wa Kanada karibu na Niagara. Akaanza kuvuka daraja la reli kwa miguu, mlinzi akajaribu kumzuia, na muda mfupi baadae akawa mtoni. Mwili ulipatikana baada ya wiki hivi, chini ya maporomoko. Alikuwa na miaka 35. Sisemi suluhu ilimuua, pombe ilikuwepo na daraja lilikuwa giza, ila kwenye kile kikao cha Januari hakuna mchezaji hata mmoja aliyeulizwa kitu.

Federal League ilijaribu tena 1914 na 1915, mishahara ikapanda, ligi ikafa, mishahara ikashuka. Kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na 1922 majaji wakasema besiboli haiguswi na sheria za kuzuia ukiritimba. Kile kifungo cha 1879 kilikuja kuvunjwa Desemba 1975 na msuluhishi, Peter Seitz, kwenye shauri la wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally, na jambo la kwanza wamiliki walilofanya ni kumfukuza kazi huyo msuluhishi.