Nilivyojifunza uongozi nikiwa nimejificha kwenye ngazi

Kuna methali ambayo siku hizi nikiisikia naondoka: ukicheka na nyani, utavuna mabua. Nilipotolewa kwenye cherehani na kufanywa msimamizi wa karakana yetu ya sare za shule, pale Kariakoo, kila mtu mzima aliyenipongeza alimalizia na hiyo. Mjomba, mama mwenye nyumba, hata kinyozi wa mume wangu. Nyani wenyewe ni watu niliokaa nao benchi moja miaka, tukiazimana mkasi na nauli.

Upande wa pili kulikuwa na semina. Bosi alinilipia, elfu hamsini na kitu, soda ndani yake. Mwezeshaji, suti imemkaa vizuri, akatuambia kiongozi bora humshirikisha kila mtu katika kila jambo. Nikarudi na cheti, nikaitisha kikao mafundi wajigawie kazi wenyewe. Ilikuwa Desemba, oda za kufungua shule zimejaa mpaka chini ya meza. Wote walichagua kuunga mashati ubavuni. Kola hazikupata mtu. Marinda ya sketi ndiyo kabisa: mmoja alisema mgongo unamuuma, na wa pili wake ukaanza kuuma palepale. Saa tano asubuhi bado tunajadiliana, mwenye duka anapiga simu kuulizia sketi zake, na mzee wetu wa kukata vitambaa amelala juu ya meza ya kukatia, tepu shingoni. Nikagawa kazi kwa kidole, dakika mbili tu.

Basi nikaanza kusoma mwenyewe, usiku, kwa bando la chuo. Wale wa zamani walioandika kuhusu uongozi niliwapitia haraka. Thomas Carlyle, kwenye mihadhara yake ya mwaka 1840 kule London, aliona historia ya dunia ni habari za watu wakubwa tu, wengine sisi ni wasindikizaji. Mwaka 1948 Ralph Stogdill alipitia utafiti mwingi kuhusu sifa za viongozi na kuona kwamba sifa pekee hazitoshi; anayeongoza vizuri hapa anaweza asiongoze kitu kule. Hilo nililijua. Fundi bora kuliko wote pale kwetu hawezi kumuelekeza mtu hata njia ya kwenda kituo cha daladala.

Ila utafiti mmoja ulinikosesha usingizi. Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake, Ronald Lippitt na Ralph White, walitoa matokeo ya vikundi vya wavulana wa miaka kama 10 huko Iowa, Marekani, waliokuwa wakifanya kazi za mikono. Vikundi vingine viliongozwa kwa amri, vingine kwa kushauriana, vingine viliachwa vijiendee. Waliopewa amri walichapa kazi sana, mpaka kiongozi atoke chumbani. Akitoka, kazi inalala. Walioshauriana waliendelea hata asipokuwepo.

Nikasema, mimi nami nitoke chumbani.

Karakana yetu iko ghorofa ya pili. Nikabeba mkoba, nikatangaza kwa sauti kwamba naenda benki, nikashuka mpaka kwenye kona ya ngazi nikasimama. Fundi hahitaji kuona, anasikia. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, ina kelele yake ya hasira, cherehani ya kawaida inavuma, na pasi ya mvuke inapumua kama mtu aliyekasirishwa. Mwanzoni zote zililia. Kisha ovaloki ikanyamaza. Zikafuata cherehani za dirishani, moja baada ya nyingine, halafu kicheko, halafu taarabu kwenye simu ya mtu. Cherehani moja tu iliendelea, ya binti mgeni aliyetoka chuo cha ufundi, yule niliyekuwa namwona mzito. Nilikuwa ndiyo nainogewa sayansi yangu, mara muuza maandazi akapanda na ndoo yake, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka Gerezani: "Dada, mbona umejibanza hapo? Unadaiwa?" Juu kukawa kimya, halafu mashine zote zikawaka kwa mpigo.

Nilichojifunza ni kwamba waliosimama walikuwa wakingoja niwaambie kinachofuata, na wengine walikuwa wamechoshwa na kuambiwa wanachokijua. Ukiwagombeza wote kwa pamoja, hujatibu yeyote. Hapa Paul Hersey na Ken Blanchard, walioandika nadharia yao mwaka 1969, walinisaidia kuliko semina nzima. Wanasema mtindo mmoja hautoshi. Asiyejua kazi muelekeze hatua kwa hatua. Anayeanza kuelewa muelekeze huku ukimpa sababu. Anayeweza ila anasita, msikilize na muamue pamoja. Anayeweza na anayetaka, mkabidhi umpishe.

Watu wengi husoma hilo kisha wanabandika watu vibandiko: huyu mzembe, yule mzuri. Kosa! Kipimo kinakwenda na kazi, hakikai kwa mtu daima. Mzee wetu wa kukata, ukimsimamia mezani unamtukana. Lakini kusoma oda iliyotumwa kwa WhatsApp ni mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nilinunua daftari la mia tano au zaidi kidogo, kila fundi ukurasa wake, kila kazi mstari wake: kola, marinda, matundu ya vifungo, kupiga pasi. Pembeni maswali mawili tu, anaweza? anataka? Yule binti mzito akawa marinda yote "anaweza", na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikamkabidhi, na mgongo wa mtu haukuuma tena.

Fred Fiedler, mtafiti mwingine wa uongozi, angenicheka. Kitabu chake cha 1967 kinadai mtindo wa mtu haubadiliki kirahisi, afadhali ubadilishe hali. Ana kipimo cha kumpa alama mtu uliyeshindwa kabisa kufanya naye kazi. Mimi nilimpima dereva wetu wa mizigo, nikampa moja moja, alama ya chini kabisa, karibu kila mahali. Maana yake mimi ni wa kazi kwanza, watu baadaye, na watu wa namna hiyo wanafaa hali ikiwa nzuri sana au mbaya sana. Desemba yetu ni mbaya sana, kwa hiyo nafaa. Dereva nimemhamishia kwa mzee, wanaelewana.

Mzee ndiye aliyenisimulia kwamba baba yake alikuwa kiwandani ulipotoka Mwongozo wa TANU mwaka 1971, uliokataza viongozi kuwa na majivuno na dharau. Wafanyakazi waliusoma, wakawa wanaweka zana chini meneja akiwatukana. "Kwa hiyo wewe dada," akasema, "ukipaza sauti, mimi mkasi chini." Alikuwa anatania. Nusu.

Juzi nimekuta daftari limeongezwa ukurasa wenye jina langu. Kuweka kola: anaweza, anataka. Kusikiliza mtu mpaka amalize: anataka, hawezi. Mwandiko naujua, ni wa binti wa marinda. Nimemuita nikamuonesha kwamba "anataka" ameikosea herufi, halafu nikasaini chini.