Mateke Mawili ya Columbus

Mechi ya futiboli ya Kimarekani, timu yetu ya Chuo Kikuu cha Indiana ugenini kwa Ohio State, ilikuwa ianze saa sita mchana, na kutoka Bloomington, Indiana, hadi Columbus, Ohio, ni kilomita zipatazo 360. Ukipita Indianapolis kisha ukashika barabara kuu ya 70 kwenda mashariki, ni mwendo wa saa nne hivi, ila siku ya mechi kubwa kilomita chache za mwisho zinaweza kula saa nzima. Kwa hiyo tuliondoka saa kumi alfajiri, Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 2024, watu watatu: mimi, mwanafunzi mmoja wa Kimarekani niliyekuwa nikimfundisha Kiswahili, na mzee mmoja wa Mombasa aliyekuja kumtembelea binti yake na hakutaka kubaki nyumbani. Vitu vyetu tulivitia kwenye mifuko ya plastiki inayoonyesha kila kilichomo, maana mikoba ya kawaida hairuhusiwi uwanjani.

Njiani mzee aliuliza timu hii yetu ina nini hata watu waamke usiku. Swali halali. Chuo Kikuu cha Indiana kilikuwa chuo cha mpira wa kikapu. Katika futiboli, hadi msimu ule kilikuwa kimepoteza mechi nyingi kuliko chuo kingine chochote cha daraja la juu. Mwaka 2023 walishinda 3 wakapoteza 9, kocha akaondolewa, na tarehe 30 Novemba akaajiriwa Curt Cignetti kutoka James Madison, chuo cha Virginia. Alikuja na wachezaji 13 kutoka huko. Hilo ndilo watu wengi hawakulipa uzito. Cignetti hachagui kijana kwa urefu wala kwa kile anachoweza kuwa baada ya miaka mitatu. Anaangalia amekwisha kufanya nini uwanjani. Mlinzi wa kati aliyecheza misimu miwili mizima anajua tayari aangalie wapi mpira unapoanza kusogea, na hilo halifundishwi kwa wiki sita za kiangazi. Kwa nafasi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alimchukua Kurtis Rourke, Mkanada aliyekuwa Chuo Kikuu cha Ohio, kile cha mji wa Athens, si Ohio State, hawa wa Columbus tuliokuwa tukiwafuata.

Kufikia siku ile Indiana walikuwa wamecheza mechi 10 na kushinda zote 10. Katika msimu mzima walikuwa wametanguliwa kwa pointi mara moja tu, na Michigan State, 10–0. Wakajibu kwa pointi 47 mfululizo. Walishika nafasi ya 5 nchini, Ohio State ya 2. Mara ya mwisho Indiana kuwafunga Ohio State ilikuwa 1988.

Uwanja wa Ohio ulifunguliwa 1922. Una umbo la kiatu cha farasi na huchukua watu zaidi ya 100,000. Kelele zake hazipandi juu zikapotea. Zinazunguka ndani na kurudi. Nilikuwa nimemweleza mzee kwamba kelele hizo si za kushangilia tu, ni silaha. Kwa kawaida kwotabeki huita kwa sauti, na wenzake wanajua neno lipi litautoa mpira. Pasipo kusikika inabidi watumie ishara: kwotabeki anainua mguu, mwenzake aliye pembeni mwa senta, yule anayeuanzisha mpira kwa kuutoa kati ya miguu yake, anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, anahesabu moja moyoni, anautoa mpira. Senta anajua hesabu yake. Yule wa mwisho kabisa pembeni hasikii kitu. Inabidi aukodolee mpira kwa jicho la pembeni ndipo aondoke, na kwa hiyo huchelewa kidogo sana. Mpinzani anayemvamia kwotabeki kutoka ubavuni haombi zaidi ya hapo. Rourke aliangushwa kabla ya kutoa pasi mara 5 siku ile, na pasi zake zote kwa jumla zilipata yadi 68.

Ila si kelele zilizoibeba mechi. Indiana walitangulia kufunga, 7–0, na kona yetu ndogo ya mashabiki wekundu tukasimama tukakumbatiana na watu tusiowajua. Ohio State wakasawazisha. Robo ya pili ikawa inaelekea mwisho, matokeo 7–7, na kila aliyekuwa amevaa nyekundu alianza kuamini.

Hapo likaja jaribio la nne la Indiana. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na ikiwa mbali baada ya matatu, haimpi mpinzani mpira pale ilipo. Inaupiga mbali ili mpinzani aanzie nyuma. Mzee alikuwa bado anaona ajabu. “Mwanangu,” akaniuliza, “huyu mbona apewa mpira na mwenzake, kisha ampelekea adui?”

Nilikuwa katikati ya kumjibu mpira ulipoanguka.

Mpigaji husimama takriban yadi 15 nyuma ya senta. Senta anainama, anaangalia kati ya miguu yake, anaurusha mpira kwa mikono miwili ukizunguka kama risasi. Mrusho mzuri unafika kwa robo tatu ya sekunde, kwenye kiuno cha upande wa mguu unaopiga. Mpigaji anautoa mbele ya mwili kwa viganja, viwiko vikiwa karibu, haupokei kwa kifua. Kisha anazungusha ngozi hadi mshono uwe juu, hatua mbili, teke. Tangu mpira uondoke kwa senta hadi uache mguu ni sekunde 2 au zaidi kidogo. Ikifika 2.3, mtu wa upande wa pili ameshanyoosha mikono mbele ya mguu wako.

Kosa la kawaida kuliko yote ni la macho. Mpigaji anajua wanakuja, anataka kuwaona, na anainua macho kabla mpira haujatulia viganjani. Baridi nayo inaongeza: vidole vikikauka, ngozi inateleza, ndiyo maana wapigaji hukaa mikono ikiwa ndani ya kifuko cha kiunoni hadi dakika ya mwisho. Mpira ukishaanguka, hesabu ya sekunde imekufa. Ukiuokota na kupiga, utazuiwa, ukikimbia, utakamatwa. Na kwa kuwa ni jaribio la nne, popote utakapoangushwa ndipo wapinzani wanapoanzia.

Ohio State walianzia yadi 7 kutoka mstari wa goli letu. Mkimbiaji wao, TreVeyon Henderson, akaingia nao golini. 14–7, na mapumziko.

Sisemi haya kumlaumu kijana yule. Alikuwa amepiga vizuri msimu mzima, na timu inayofunga pointi nyingi haimwiti mpigaji wake mara kwa mara. Kwa wiki nzima anaweza kukaa bila kazi ya kweli, kisha aitwe mbele ya watu laki moja.

Kipindi cha pili hakikuwa kimechanganya bado, likaja teke la pili. Hili lilipokewa vizuri, likapigwa vizuri, lilikwenda mbali. Mzee akapiga makofi. Mimi nilikuwa nikiwaangalia wanaokimbia chini ya mpira, na sikupenda nilichokiona.

Teke la namna hii hupimwa kwa mambo mawili: umbali, na muda mpira unaokaa hewani. Mtu mwepesi aliyevaa kofia ngumu na mabega ya plastiki anahitaji karibu sekunde 5 kufika yadi 40. Mpira wa yadi 40 uliokaa hewani sekunde 4 na nusu unamkuta mdakaji akiwa na mtu usoni, naye anaashiria kwa mkono kwamba hatakimbia. Mpira wa yadi 50 uliokaa sekunde 4 ni zawadi. Mashabiki wanaona yadi 50 na kushangilia, kumbe mpira umewaacha nyuma wenzake mpigaji wanaoukimbilia. Kanuni za vyuo zinawaruhusu wote kukimbia mara tu senta anapoutoa, tofauti na ligi ya kulipwa, ambako wawili tu wa pembeni ndio wanaotangulia. Ndiyo maana timu nyingi za vyuo hubakiza ukuta wa watu watatu mbele ya mpigaji na wengine wanaondoka. Faida hiyo ina sharti: kila mmoja ashike njia yake, na yule wa nje kabisa asiingie ndani hata akiona mpira uko ndani. Akiingia, ukingo umebaki wazi.

Caleb Downs wa Ohio State aliudaka kwenye yadi 21 za upande wake. Yadi 79 baadaye alikuwa goli. Ohio State hawakuwa wamefunga kwa namna hiyo tangu 2014, na mara ile pia ilikuwa dhidi ya Indiana. 21–7. Mwisho 38–15.

Tulitoka na msongamano bila kusema neno. Mwezi Januari ilikuja kujulikana kwamba Rourke alicheza msimu ule wote kano ya goti lake ikiwa imechanika, na nilipolisoma nilimwona tena vile alivyokuwa akiinuka polepole mchana ule, mara ya tano. Wiki iliyofuata, tarehe 30 Novemba, mwaka kamili tangu Cignetti aajiriwe, waliwafunga mahasimu wao Purdue 66–0 wakaichukua ile ndoo ya mwaloni, kombe ambalo vyuo hivyo viwili hugombea tangu 1925. Mechi 11 kati ya 12. Chuo kilikuwa hakijawahi kushinda hata 10 katika msimu mmoja. Desemba 20 Notre Dame wakawatoa katika mchujo wa taifa, 27–17.

Lakini siku ile ya Columbus haikuishia uwanjani. Tulisimama kituo cha mafuta kando ya barabara, giza limeshaingia. Mwanafunzi wangu alikuwa na mpira kwenye buti. Mzee akauliza yadi 15 ni umbali gani hasa, nami nikapiga hatua kubwa 15 juu ya lami, kutoka taa moja hadi karibu na nyingine. Akasimama pale, koti limefungwa hadi shingoni, mikono mbele kama nilivyomweleza. Kijana akainama akaurusha. Wa kwanza ulipita juu ya kichwa. Wa pili ulidunda njiani. Uliofuata mzee aliugusa ukamponyoka, akauangalia ukiviringika, akasema, “Tena.”

Tulirusha hadi vidole vikafa ganzi. Mmoja hatimaye ulifika kiunoni. Mzee akaudaka, akaushika kwanza, ndipo akainua macho.