Wikendi ya wawili Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, bila gari

Watu wa Kisumu tukisema "twende ziwani" mara nyingi tunamaanisha kula samaki ufuoni na kurudi nyumbani kabla ya giza. Mimi na mume wangu tulitaka kulala huko. Hoteli za visiwani zenye boti zao ni nzuri kwa picha, lakini sisi ni walimu, na tulikuwa tumeapa kutogusa pesa za sako. Basi tukasubiri mapumziko ya katikati ya muhula, watoto wakaenda kwa nyanya yao, na sisi tukapanda matatu Ijumaa asubuhi, kila mmoja na begi la mgongoni.

Kilichonifurahisha katika njia hii ni kwamba huhitaji kurudi ulikopita. Unatoka Kisumu kwa Ahero na Katito, unafuata ufuo wa kusini wa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria mpaka Kendu Bay, halafu Homa Bay, halafu Mbita. Kutoka Mbita unavuka kwa feri hadi Luanda K'Otieno, upande wa Siaya, na kutoka hapo unapata matatu ya kukurudisha Kisumu kupitia Ndori. Lami ipo, na magari hayakosekani. Ukiwa na gari lako utafika upesi zaidi, ila mmoja wenu atakuwa dereva na mwingine abiria, na mimi nilitaka sote tuwe abiria.

Kendu Bay hatukulala. Tulishuka, tukanywa chai na mandazi, tukachukua bodaboda hadi Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo lililo karibu na mji. Ni shimo la volkano lililojaa maji ya magadi, na wakati mwingine heroe hutua hapo. Siku yetu walikuwepo, kundi la waridi upande wa mbali. Tulizunguka kwa miguu huku mume wangu akinisimulia kisa ambacho kila mtoto wa huku anakijua: bibi kizee alifika kijijini usiku wa sherehe akiwa na njaa, akafukuzwa kila boma isipokuwa kwa mwanamke mmoja aliyempa chakula. Bibi akamwambia amchukue mumewe waondoke. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Alipomaliza akaongeza kwamba ndiyo maana mama yake hamruhusu mgeni aondoke bila kula. Nami nimeshalishwa na mama huyo mpaka nikashindwa kuinuka, kwa hiyo sikubisha.

Usiku wa kwanza tulilala Homa Bay. Hapo ushauri wangu ni mmoja tu: uliza kwanza kama gesti ina baa. Ya kwanza tuliyoangalia ilikuwa na vyumba safi, bei nafuu, na spika mbili kubwa chini ya dirisha. Tukashukuru, tukatoka. Tuliyoipata baadaye ilikuwa na maji, feni na neti isiyo na matundu, na neti si jambo la kupuuza kando ya ziwa hili, kwa sababu malaria ipo mwaka mzima.

Alfajiri tulipanda Asego, kile kilima chenye ncha kinachousimamia mji. Si kirefu, lakini kina mteremko mkali na nyasi zinazoteleza, kwa hiyo vaa viatu vya maana. Juu unaona paa za mabati, gati, visiwa vya gugumaji vinavyoelea kama viwanja vya mpira, na Mlima Homa kwa mbali. Tulikaa pale hadi jua likawa kali. Sikumbuki tulizungumza nini. Nakumbuka hakuna aliyeitwa "mwalimu".

Mbita ndiyo iliyotushika. Hapa ndipo ghuba inapofunguka kuingia ziwa lenyewe, na maji yanabadilika: ya Kisumu ni ya kijani na mazito, ya huku yana uwazi. Kisiwa cha Rusinga kiko hatua chache tu. Miaka ya 1980 kiliunganishwa na bara kwa tuta, ambalo lilizuia maji kupita, na baadaye likajengwa daraja ili mkondo urudi. Tulivuka kwa miguu, kisha bodaboda hadi Kasawanga kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya. Jengo lake lina umbo la risasi, na ndani mna picha na vitu vyake. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Mume wangu hufundisha historia, na safari za ndege za 1959 ambazo Mboya aliziandaa kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani ni somo lake analolipenda kuliko yote, kwa hiyo hapo nilisubiri kwa subira ya ndoa. Rusinga hiyohiyo ndiko mtafiti Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Hilo pia nililisikia, kwa urefu.

Zamu yangu ilikuwa chakula. Kwenye kibanda karibu na maji, mama mmoja alituletea ngege (tilapia) mzima wa kukaanga, aliyerudishwa kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu, pamoja na ugali wa mtama na osuga (mnavu) chungu kidogo. Mimi ni wa Pwani, nimezoea changu na nazi. Nikala ubavu mmoja, nikageuza, nikala wa pili, nikasukuma sahani. Mama akaja akasimama juu yangu. "Nyar Mombasa (binti wa Mombasa), unamwachia nani kichwa?" Mume wangu akanifundisha: unafungua shavu kwa kidole gumba, kuna kipande cha nyama laini kama ukubwa wa kunde, halafu unanyonya kinachobaki. Kichwa hakikubaki.

Mbele yetu omena, yaani dagaa, walikuwa wameanikwa juu ya nyavu, wanawake wakiwageuza kwa mikono na kuwafukuza yangeyange. Usiku tuliwaona wanaowavua: taa za mashua zimepangwa majini hadi upeo, ungedhani kuna mji mwingine ng'ambo. Tuliangalia tukiwa tumekaa kwenye ngazi za gesti. Kuoga ziwani hatukuthubutu, maana kichocho kipo, viboko wapo, na mamba wapo.

Jumapili tulipanda feri. Safari ni kama saa moja. Magari hupangwa katikati, na abiria hujibana pembeni na kuku wao, magunia ya mkaa na ndoo za samaki. Fika mapema, maana wikendi hujaa, na uwe na pesa taslimu kidogo hata kama una M-Pesa, kwa sababu mtandao majini hauna uhakika.

Kisiwa cha Mfangano tulikiona tu kwa mbali. Boti za huko huondoka Mbita, lakini ukitaka kuona michoro ya kale kwenye miamba yake bila kukimbizana na saa, ongeza usiku mmoja. Sisi hatukuwa nao. Jumatatu asubuhi mmoja wetu alikuwa na zamu ya gwaride.