Nilivyopunguzwa kazini nikaanza kuchukia watu nisiowajua

Mwezi wa kwanza baada ya kupunguzwa nilikuwa fresh tu, nasema hii likizo. Kilichonimaliza ni saa nne asubuhi. Mtaa umetulia, watu wote wako makazini, mimi nimekaa kitandani nimeshanyoa ndevu, shati limepigwa pasi, kitambulisho cha ofisi bado kiko kwenye begi, na sina pa kwenda.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa siasa kweli kweli, sikosi kupiga kura. Nilidhani mtu akikosa kazi ndo anakuwa mkali zaidi. Wapi! Uchaguzi ulifika nikalala, nikajisemea wote ni wale wale. Hasira ilikuja baadaye, tena ikaja na njia mbaya, nikawa nashinda kwenye simu nasoma wanaosema wageni ndo wamemaliza ajira, na mimi nasambaza bila hata kusoma hadi mwisho. Nilijua fika hakuna mgeni aliyenitoa, ni hesabu za kampuni, ila utaigombezaje hesabu?

Sasa siku moja nikakutana na habari ya Marienthal, kijiji cha Austria ambako kiwanda cha nguo kilifungwa kwenye mwaka 1930 hivi. Watafiti wa jamii, kina Marie Jahoda na wenzake, walienda kuchunguza wale watu wanaishije. Muda walikuwa nao tele lakini vitabu vya maktaba wakapunguza kuazima, wanaume wakawa wanatembea polepole wanasimama simama njiani, na badala ya kuwaka kisiasa wengi wakazima tu. Nikajiona mle, mwendo na kila kitu.

Nikawatafuta wenzangu wawili tuliotoka siku moja, tukawa tunakutana jumanne na alhamisi, saa nne ile ile, kila mtu anasoma barua ya maombi ya mwenzake na kuikosoa. Nyingi hazikujibiwa. Ila katika kupekua makaratasi tukagundua siku zetu za likizo hazikulipwa, tukaandika barua moja, sahihi tatu, tukafuatilia mpaka pesa ikatoka. Zile kelele za wageni nilikuja kushtuka tu kwamba siku hizi hata sizifungui, na uchaguzi uliofuata nilipanga foleni.

Kazi nimepata, mshahara umepungua. Bosi akiniita ofisini ghafla tumbo linakata mpaka leo.