Weka au Nenda: Jumamosi Yangu na Mfuko Begani

Saa 10:40 alfajiri

Julai ya Nairobi haina huruma. Nimevaa sweta mbili na koti la mvua, na bado matatu ya kwanza inanikuta nikitetemeka stejini. Mimi ni kedi, nabeba mifuko ya fimbo za wachezaji wa gofu. Ukichelewa, jina lako linashuka kwenye daftari la kedi masta, msimamizi wetu, na jina likishashuka unaweza kukaa benchi hadi adhuhuri bila kushika mfuko wa mtu. Leo nina mteja wa miadi, lakini mazoea ni mazoea.

Saa 12:10 asubuhi

Kabla ya chai naenda kuliona shimo la 13. Wenzangu hunicheka, eti nakwenda kumwamkia bibi yangu. Ni pa 5, yaani shimo la kumalizwa kwa mipigo mitano, na mbele ya grini, uwanja wa majani mafupi wenye shimo na bendera, kuna bwawa. Ukipiga vizuri kutoka kwenye tii, pale pa kuanzia, mpigo wa pili unakupa njia mbili: uuvushe mpira maji uende nao grini moja kwa moja, au uuache kabla ya maji, kisha uupandishe kwa weji, fimbo ya mipigo mifupi. Sisi kwenye benchi tunasema tu "nenda" au "weka". Maneno mawili hayo ndiyo yanayolipa karo ya mwanangu, maana mfuko hata punda angeubeba.

Nakuta bendera imewekwa mbele, hatua tisa kutoka ukingo wa grini. Umande mzito. Mpira utakaotua hapa asubuhi hautabiringika sana. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na niliamini.

Saa 1:00

Chai ya rangi, chapati mbili, na ubishi. Kedi mmoja mzee kwenye benchi letu hachoki na habari ya Jean van de Velde. Carnoustie, Uskoti, 1999, shimo la mwisho la mashindano makubwa ya Open, Mfaransa anaongoza kwa mipigo mitatu, hata 6 inampa kombe. Mpira wake wa pili akaupiga mbele badala ya kuuweka. Ukagonga chuma cha jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye majani marefu. Wa tatu ukaingia kijitoni. Dunia nzima ikamwona amevua viatu, amekunja suruali, amesimama majini akiufikiria. Akamaliza na 7, akaingia mchujo wa waliofungana, Paul Lawrie akabeba kombe.

Mimi humjibu na Zach Johnson. Mashindano ya Masters ya 2007, siku nne, mashimo ya pa 5 kumi na sita. Hakwenda grini kwa mipigo miwili hata mara moja. Aliweka yote, na kwenye mashimo hayo pekee akapunguza mipigo 11 chini ya pa. Akamwacha Tiger Woods nyuma kwa mipigo miwili. Siyo kwamba alikuwa mwoga. Alikuwa anaijua weji yake.

"Huyo ana weji," kedi mzee akasema. "Mteja wako ana nini?"

Swali zuri. Nililipuuza nikamalizia chapati.

Saa 1:40

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Baridi gani hii, yakhe?"

Mteja wangu, Mzee, amestaafu na kuhamia huku kutoka Mombasa mwezi uliopita, kumfuata binti yake. Handikapu yake, mipigo ya nafuu anayopewa, ni 18. Nahesabu fimbo: 15. Kuna pata ya zamani, fimbo ya pati, ile misukumo ya mwisho grini, imejificha chini, na mwisho ni 14. Naitoa, narudisha garini, yeye anacheka kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Leo ni Stableford, mchezo wa pointi, kila shimo anapewa mpigo mmoja wa nafuu. Maana yake, kwenye pa 5 akimaliza na 6 anapata pointi 2, akimaliza na 5 anapata 3, na akiharibu kabisa anapata sufuri, basi, tunasahau. Hesabu hii ninaibeba kichwani tangu shimo la kwanza. Wachezaji wengi husimama juu ya mpira wakijiuliza, "Nitafika?" Mimi najiuliza mpira wake wa kawaida, ule anaoupiga mara saba kati ya kumi, utaishia wapi, na kutoka hapo atatokaje.

Saa 4:35

Shimo la 13. Mzee amepiga draiva ya maana, mpigo wake wa kwanza, mpira uko katikati ya feawei, njia ya majani yaliyokatwa, umekaa vizuri. Mita 188 hadi bendera. Kuvuka maji ni 165. Maji yanaanza mita 138 kutoka tulipo. Ameshaushika mti namba 3, fimbo ya kupiga mbali, macho yanang'aa.

"Twende?"

"Mzee, huo ukiupiga wote, unatua 165. Ukiukosa kidogo tu ni bwawa. Weka. Weji, pati mbili, pointi 3 mfukoni."

Ananitazama kwa huzuni, anaurudisha mti mfukoni. "Basi namba ngapi?"

"Namba 6 yako inakwenda ngapi?"

"Mia na ishirini na tano."

Mita 13 kabla ya maji, na umande juu yake. Nikampa. Tangu kanuni za 2019 siruhusiwi kusimama nyuma yake kwenye mstari wa mpigo akishaanza kujipanga, kwa hiyo nikasogea pembeni na mfuko wangu na hekima zangu zote.

Alipiga mpigo bora wa siku. Hakuwa na wasiwasi tena, mabega yamelegea, sauti ya mpira safi. Ukapaa. Nikauona unapaa, ukaendelea kupaa, na nilipoanza kusema "shuka" ulikuwa umeshatumbukia. Duara dogo kwenye maji, bata mmoja akasogea.

Sikuwa na pa kuangalia. Ile 125 ni ya Mombasa, usawa wa bahari. Nairobi tuko juu mita kama 1,700, hewa nyepesi, na mpira unaongeza karibu asilimia sita. Feawei pale inateremka. Upepo ulikuwa mgongoni. Nimewaambia wageni wa pwani habari hii miaka tisa, na siku ninayoihitaji mwenyewe nimeisahau kwa sababu nilikuwa nashughulika kumkataza mti namba 3. Nilimfundisha kuweka, nikasahau kwamba kuweka nako ni kupiga. Kwa nini namba 6? Namba 8, ya mpigo mfupi zaidi, ingemwachia weji kamili, mbali na maji kabisa. Kusogea karibu na bwawa hakukuwa na faida yoyote.

"Samahani Mzee. Hilo ni langu."

Akavuta pumzi. "Kwetu hiyo ingesimama, wallahi."

Adhabu mpigo mmoja. Tukarudi nyuma kwenye mstari wa pale mpira ulipoingilia, mita 90 kutoka bendera. Weji nzuri, pati mbili. Sita. Pointi 2.

Saa 6:50 mchana

Mzee kamaliza na pointi 36. Zawadi ya tatu imechukuliwa na 37. Pointi yangu ile ingewafunganisha na kuwalazimu kuhesabu mashimo tisa ya mwisho, na tisa zake za mwisho zilikuwa nzuri. Hakusema neno. Alinilipa na bakshishi juu, jambo lililoniuma kuliko angenifokea.

Wali maharagwe. Miguu juu ya benchi, dakika ishirini.

Saa 11:05 jioni

Mfuko wa pili ni wa Madam mmoja, handikapu 7, anacheza mechi, kushindana shimo kwa shimo, na shemeji yake, nahisi kuna zaidi ya chakula cha jioni kati yao. Yuko nyuma shimo moja. Shimo la 13 tena. Shemeji ameshatua grini kwa mipigo miwili. Madam ana mita 160 hadi bendera, 137 kuvuka, na mti namba 5 anaoupeleka 155 hewani bila kujikaza, hapa hapa Nairobi. Nilimuuliza mara mbili.

"Weka?" ananichokoza, habari ya asubuhi imeshafika kila mahali.

"Nenda, Madam."

Kwenye mechi, kupoteza shimo kwa mpigo mmoja au kwa sita ni kulekule. Akiweka, atatamani shemeji apige pati tatu. Akaenda. Mpira ukavuka maji, ukapita bendera, ukaingia banka ya mchanga ya nyuma. Akautoa hadi hatua mbili, akatumbukiza pati. Shemeji akapiga pati zake mbili. Wametoka sare, na walipokuwa wanatembea kwenda 14 shemeji ndiye aliyenyamaza.

Saa 12:40

Nje ya geti kuna kijana anayeuza mipira iliyoopolewa bwawani, ameipanga kwenye trei ya mayai. Nainama chini ya taa ya mlinzi. Safu ya pili, vidoti vitatu vyekundu vya wino. Alama ya Mzee.

"Huo mia moja, buda. Ni mpya, umeingia leo."

"Najua," namwambia, naingiza mkono mfukoni.