Santuri za Krismasi za Ohio: Jinsi Ninavyozikusanya na Kuwafikishia Wasikilizaji

Tangu nilipohamia kaskazini mwa jimbo la Ohio, nchini Marekani, nimekuwa nikikusanya santuri za Krismasi ambazo hakuna kampuni inayoziuza tena, nikizigeuza kuwa faili za kidijitali na kuzitoa bure kwa yeyote anayetaka kuzisikiliza, pale sheria inaporuhusu. Wengi wanaoniuliza kuhusu shughuli hii hudhani kwamba ugumu wake uko katika kuzipata. Kuzipata ni rahisi, kwa sababu duka lolote la mitumba huwa na kasha la santuri sakafuni, na bei ya moja mara nyingi haifiki ya kikombe cha kahawa. Kazi yenyewe ni kujua ulichoshika ni kitu gani, kimerekodiwa lini, na nani bado ana haki nacho.

Santuri za Krismasi zinazoonekana zaidi huku zilitoka kwenye maduka ya matairi. Kampuni za Goodyear na Firestone zote zilikuwa na makao yao makuu katika mji wa Akron, na kuanzia 1961 Goodyear ilitoa mfululizo wa albamu za Krismasi zilizotengenezwa na kampuni ya muziki ya Columbia na kuuzwa dola moja katika maduka yake. Firestone ilifuata 1962 na mfululizo wake, na albamu yake ya 1966 ilikuwa na sauti ya Julie Andrews. Hesabu ya wafanyabiashara hao ilikuwa nyepesi kueleweka: anayeingia dukani kutafuta santuri ya dola moja mwezi wa Desemba atayaona pia matairi ya theluji. Nazipenda albamu hizo, na jalada zake ni nzuri kuliko muziki wa baadhi yake, lakini niliacha kuzinunua mapema kwa kuwa zimejaa kila mahali na hazihitaji mtu wa kuziokoa. Vivyo hivyo kwa nyimbo ambazo dunia nzima inazijua. Bing Crosby alirekodi “White Christmas” mwezi wa Mei 1942, na chapa yake ya awali, ile ya kutengenezea nakala, ikatumika mno hata ikachakaa, akalazimika kuirekodi upya Machi 1947. Wimbo uliopendwa kiasi hicho hautapotea.

Zinazopotea ni santuri zilizolipiwa na waimbaji wenyewe. Kati ya miaka ya 1950 na 1980, kwaya ya kanisa, kwaya ya shule ya sekondari, au mpiga kinanda wa mji mdogo angeweza kurekodi nyimbo zake, kupeleka tepu kwenye kiwanda kilichopokea kazi za wateja binafsi, na kurudishiwa makasha ya santuri za kuuza mlangoni siku ya tamasha. Hapa Ohio kiwanda kimoja cha aina hiyo kilikuwa Rite, mjini Cincinnati. Kampuni kubwa kama RCA na Columbia nazo zilikuwa na idara za wateja wa nje. Santuri hizo ziliishia kabatini mwa wanakwaya, na mwanakwaya anapofariki, watoto wake huzipeleka kwenye mitumba pamoja na vyombo vya jikoni. Sisi tuliolelewa katika kwaya za Moshi tunaijua vyema hali hiyo ya kazi ya miezi mingi kubaki mikononi mwa watu wachache.

Nyingi kati yake hazina mwaka kwenye jalada, kwa hiyo nilijifunza kuusoma mwaka kwenye santuri yenyewe. Katika eneo tupu lililo kati ya mwisho wa wimbo na lebo kuna herufi na namba zilizochongwa, ambazo huonekana vizuri ukiiinamisha santuri chini ya taa. Kwa kazi za RCA za kipindi hicho, herufi ya kwanza ndiyo inayotaja mwaka: L ni 1960, M ni 1961, N ni 1962 na P ni 1963. Namba za Rite nazo zinakwenda kwa mfuatano, hivyo ukipata santuri mbili zenye mwaka unaojulikana, unaweza kuikadiria iliyo katikati yake. Mwaka huo si pambo la mkusanyaji, kwani ndio unaoamua sheria ipi itatumika.

Kuhusu usafishaji sina mengi. Natumia maji yaliyotoneshwa, tone dogo la sabuni isiyo na manukato na brashi laini inayofuata mzunguko wa mifereji, kisha nasuuza na kuisimamisha santuri ikauke. Anayetumia spiriti kwa santuri za plastiki asithubutu kuipaka santuri ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa lakiri (shellac), na lakiri huyeyuka ndani ya spiriti. Ninaporekodi, napitisha upande mzima bila kukatisha katika programu ya Audacity, na faili hiyo ya kwanza siigusi kamwe. Marekebisho yote nayafanya kwenye nakala. Jambo moja lililoboresha kazi yangu kuliko vifaa vya bei kubwa linahusu santuri za mono, yaani zenye chaneli moja tu ya sauti. Sauti ya mono imechongwa kwa mwendo wa sindano wa kushoto na kulia peke yake, ilhali vumbi na mikwaruzo huirusha sindano juu na chini pia. Ukizijumlisha chaneli mbili za stirio kuwa moja, ile kelele ya juu na chini hujifuta yenyewe, na kwaya inasikika kana kwamba mtu amefungua dirisha. Kelele inayobaki naipunguza kwa mkono, mlio mmoja mmoja, kwa kuwa programu ikiachiwa kazi hiyo hula na herufi “s” za waimbaji.

Sasa haki. Kwa sheria ya Marekani ya 2018, rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa kwa miaka 100, za 1947 hadi 1956 kwa miaka 110, na zile zilizorekodiwa baadaye, kabla ya 15 Februari 1972, zinalindwa hadi 15 Februari 2067. Maana yake ni kwamba karibu kila santuri niliyoieleza hapa bado ina ulinzi, hata kama walioiimba wote wamezikwa. Ila rekodi iliyotolewa huku baada ya tarehe hiyo ya 1972 hadi mwisho wa 1977, bila alama ya herufi P ndani ya duara, kwa kawaida haina ulinzi, na kwaya za vijijini zilisahau alama hiyo mara nyingi.

Kwa zile za kabla ya 1972, sheria hiyo hiyo iliacha mlango mmoja ambao nashangaa wakusanyaji wengi hawautumii. Mtu asiyetafuta faida anaweza kuitafuta rekodi kwa nia njema katika orodha za Ofisi ya Hakimiliki, injini za utafutaji, huduma za kusikiliza muziki na maduka ya mtandaoni; asipoikuta ikiuzwa popote, anawasilisha taarifa kwa ofisi hiyo, na mwenye haki ana siku 90 za kupinga. Zikipita bila pingamizi, matumizi yaliyoelezwa katika taarifa hayahesabiwi kuwa kosa. Taarifa hiyo inahusu rekodi tu, haihusu utunzi, yaani maneno na muziki wa wimbo wenyewe. “Usiku Mtakatifu”, wenye muziki wa Franz Gruber wa 1818, hauna shida, lakini “The Little Drummer Boy”, wimbo wa mtoto na ngoma yake uliotungwa 1941, bado una mwenyewe, hivyo nauondoa na kuandika wazi kwamba umeondolewa.

Hata hivyo, kabla ya taarifa mimi hupiga simu. Nilipopata santuri ya kwaya ya kanisa moja la Kilutheri, nilipiga ofisini kwao nikamweleza katibu nilichonacho, naye akaniunganisha na mzee aliyewahi kuimba besi katika kwaya hiyo. Wazee wa kanisa walinipa ruhusa kwa barua, wakaomba nakala, na mzee yule akanitajia majina ya walioimba sehemu za mtu mmoja, ambayo jalada halikuyaandika. Hakuna hifadhidata ambayo ingenipa majina hayo. Tangu hapo kila faili ninayoipandisha kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, huambatana na picha ya jalada pande zote mbili, lebo, namba zilizochongwa, na majina yaliyotoka kwa watu wenyewe.

Kwa sababu ya siku hizo 90, Krismasi yangu huanza katikati ya mwaka. Simu napiga Mei na Juni, taarifa nawasilisha kabla Julai haijaisha, na miezi inayofuata nasafisha sauti, ili Jumapili ya kwanza ya Majilio ikifika faili ziwe tayari. Santuri ambayo mwenyewe amepinga naihifadhi kabatini pamoja na faili yake, na maelezo ya jalada lake ndiyo pekee ninayoyachapisha.